Kilio cha Ursule Kilichezwa Mangobo

Waliiba kilio cha Ursule. Hawakuiba samaki wala kikwembe wala kuku. Waliiba kilio chenyewe, kile alichomlilia mumewe Jérémie maiti ikiwa bado ndani ya nyumba. Wakakitia gitaa na ngoma, wakakipeleka kwenye baa, watu wakakichezea viuno. Na kama hilo halikutosha, wakataja jina lake ndani ya wimbo, na kwa sababu ya jina hilo ukoo wa mumewe ukasema yeye mwenyewe ndiye aliyekiuza.

Jérémie alikuwa mvuvi wa maporomoko, kama baba yake na babu yake. Kazi yao ni kusimamisha nguzo za miti katikati ya maji makali na kushusha kutoka juu yake vikapu virefu vinavyomeza samaki. Asubuhi moja kamba ilikatika, maji yakamchukua, wenzake wakamtoa huko chini kwenye mawe akiwa amekwisha. Nyumbani Ursule alikuwa amepika lituma, ndizi zile zilizopondwa, pamoja na samaki. Alikuwa amemtengea mumewe sahani yake na kuifunika kwa sahani nyingine, kama kila siku. Walipomleta Jérémie wamembeba, sahani ilikuwa bado ya moto.

Ndiyo maana, alipoketishwa mkekani, yaliyomtoka yalikuwa haya: "Jérémie, nafunika sahani yako. Nafunika, inapoa. Nani atafunua?" Akayarudia mpaka sauti ikakwaruza.

Pale Wagenia, kwa wavuvi wa maporomoko ya Kisangani, mwanamke aliyefiwa hafundishwi kulia. Analia kwa maneno yake mwenyewe, yanatoka yanavyotoka, na matanga yakiisha hakuna anayeyarudia. Hata rafiki yako hawezi kukuuliza kesho yake ulisema nini. Maneno ya mkekani ni ya marehemu, anaenda nayo. Ursule aliamini hivyo, na aliamini kwamba wote walioketi naye waliamini hivyo.

Miezi ikapita. Siku moja alikuwa anageuza samaki juu ya moshi, pikipiki ikasimama barabarani, na simu ya dereva ilikuwa inapiga muziki. Gitaa kwanza, halafu sauti ya mwanamume tamu kama asali: "Nafunika sahani yako, chérie, nafunika, inapoa." Ursule akajiambia kwamba maneno hufanana, dunia ina sahani nyingi. Lakini mwanamume aliponyamaza ikaingia sauti ya mwanamke, iliyokwaruza kwa kulia, ikiuliza nani atafunua. Ilikuwa sauti yake. Mkono wake ulibaki juu ya moto mpaka ngozi ikambabuka.

Mwimbaji aliitwa Ruffin. Kwa miaka mingi alikuwa akipiga nyimbo za wengine katika baa za Mangobo, mtaa wa Kisangani, na nje ya Mangobo hakuna aliyemjua. Sasa alikuwa na albamu yake, na wimbo ulioibeba ni huo, "Sahani". Ulienea Kisangani kama harufu ya mafuta ya mawese. Wanawake waliupatia dansi yake: kiganja kimoja kinatazama juu, kingine kinakuja kukifunika, kisha kiuno. Waliucheza harusini. Waliucheza kwenye ubatizo. Wanaume walipochoka kunywa walifunika glasi kwa mkono na kusema "nani atafunua", mezani kote kicheko. Hakuna aliyejua kwamba anamcheka mtu aliyefia majini. Au walijua, Ursule hakuwa na hakika.

Ya wimbo angeweza kuyameza. Kilichomkaba ni jina.

Kongo nzima inajua mwimbaji anavyotupa libanga. Katikati ya wimbo anataja majina ya watu, na jina halitajwi hivihivi. Anayetajwa ametoa kitu, au kuna kitu anachokula pamoja na mwimbaji. Katika "Sahani" Ruffin alimtaja mwenye duka la vipuri, akamtaja mama mmoja wa Bangboka anayepitisha mizigo ya ndege, akataja na bwana fulani wa ofisini. Mwishoni kabisa, gitaa likiwa limepanda, akapaza sauti: "Mama Ursule wa Wagenia!"

Mji ukahesabu. Sauti ni ya Ursule, jina ni la Ursule, kwa hiyo mapatano yalikuwepo. Waliokuwa wakimpa pole wakaacha. Wengine walianza kunong'ona kwamba huenda mapatano yalifanywa hata kabla ya Jérémie kufa, maana kamba haikatiki bure.

Mwaka wa msiba ulipokaribia kutimia, akaja Georgette, dada mkubwa wa Jérémie. Katika ukoo huo mjane hajivui nguo nyeusi mwenyewe. Dada mkubwa wa marehemu ndiye anayemfungua mbele ya watu, anamwogesha na kumvika kikwembe kipya. Kabla ya hapo mjane halali nje ya nyumba yake hata siku moja. Na Ursule alikuwa na haraka, kwa sababu mama yake alikuwa anaumwa huko Yanonge, safari ya kushuka mto, na kila chombo kilichotoka huko kilileta habari mbaya kuliko kile cha kabla yake.

"Ya Georgette, keti," alisema Ursule, akimwita kwa heshima ya dada mkubwa.

"Sikuja kukaa. Tonton Lukumani ananituma." Lukumani, mdogo wa marehemu baba yao, ndiye aliyekuwa mkubwa wa ukoo. "Famille inasema hivi: nguo nyeusi itatoka siku utatuambia ulikula nini na Ruffin."

"Nilikula nini? Ya Georgette, wewe ulikuwa pale mkekani. Ulinishika mabega."

"Nilikuwa pale. Na jina yako iko ndani ya mwimbo. Yangu haiko. Ya tonton haiko. Yako ndiyo iko."

"Sikumupa mutu jina langu."

"Donc lilitoka lenyewe, likapanda pikipiki, likaenda Mangobo?"

"Mama yangu anaumwa. Unajua."

"Ninajua," alisema Georgette, akakohoa, akaitazama sufuria, akautazama mlango. Usoni pa Ursule hakutazama. Ursule akadhani ni chuki.

Tangu siku hiyo alianza kuwapanga upya kichwani wanawake waliokuwa mkekani. Sauti ile ilichukuliwa kwa karibu, si na wanaume waliokuwa nje kwenye viti. Aliyeichukua alikaa karibu kiasi cha kumgusa. Kulia kwake alikuwa Georgette. Kushoto alikuwa Solange, muuza samaki mwenzake, ambaye simu yake haitoki kwenye pindo la kikwembe. Georgette ni damu ya marehemu. Basi ni Solange.

Akaacha kumwachia Solange meza yake anapokwenda haja. Solange alipompa chumvi, Ursule alijiuliza mwenzake anafuta nini kwa chumvi hiyo. Solange alipocheka na mteja, Ursule aligeuka kuangalia kama mkono unafunika mkono. Na soko halikumsaidia.

"Mwenye albamu amefika!" walimkaribisha kila asubuhi.

"Mama Ursule, leo hatununui, leo utugawie tu!"

"Mwacheni, anangoja ndege ya Ulaya!"

Siku moja uvumilivu ukamwishia. "Solange, siku ile simu yako ilikuwa wapi?"

"Siku gani?"

"Siku ya Jérémie."

Solange akaweka kisu chini taratibu. "Ah, kumbe! Ndiyo maana unanitazama kama askari wa bandari. Simu yangu siku ile ilikuwa kwa fundi, kioo kimepasuka, uliza soko zima, wote walinikopesha zao mpaka wakachoka. Na wewe, badala ya kutafuta mwizi ndani ya vikwembe vya wanawake, nenda kwa yule anayekula. Mangobo siyo Ulaya, mama. Unapanda pikipiki, unafika."

Wauzaji wakacheka. Ursule alinuna siku nzima. Hata hivyo neno lilikuwa limemwingia. Alikuwa amewatazama vibaya watu wote wa Kisangani, isipokuwa yule mmoja ambaye uso wake ulikuwa umebandikwa ukutani kila njia panda.

Alimkuta Ruffin mchana, kwenye uwanja wa baa, vijana wake wakifunga nyaya za vipaza sauti. Alivaa viatu vyeupe na miwani ameipandisha kichwani. Alipoambiwa ni nani aliyesimama mlangoni, alinyoosha mikono yote miwili.

"Mama ya mwimbo! Leteni kiti! Mama, tangu albamu itoke ninakungoja uje unishukuru."

"Nikushukuru?"

"Nilikutupia libanga bure! Yule wa vipuri amenililia ili nimtaje mara ya pili, nikakataa. Wewe hukuniomba, nikakutaja mwishoni, mahali pazuri kuliko pote. Nilisema, bon, sauti ni ya mama, lazima mama apate jina. Mimi si mwizi."

Ursule alimtazama vizuri. Kilichomtisha ni kwamba mtu huyu hakuwa anaigiza. Alidhani kweli kwamba alimpa zawadi.

"Kwa jina hilo wananiambia nimemuuza mume wangu," alisema. "Kwa jina hilo sitolewi nguo nyeusi. Nani alikupa kilio changu?"

"Famille yako, mama."

"Usinichezee."

"Mimi nikuchezee? Ngoja." Akatoa simu, akatafuta kwa kidole, akaiweka juu ya meza kati yao.

Kwanza kikasikika kikohozi. Kisha sauti ya mwanamke, karibu kabisa, ikinong'ona: "Faustin, wewe uko mbali huko Kindu, haukuweza kufika. Sikiliza vile tunamulilia ndugu yako. Huyu ni Ursule, bibi yake." Halafu kikaanza kilio, chote, bila gitaa.

Ursule akasema irudiwe. Hakuyaamini masikio yake, wala hakumwamini Ruffin, maana mtu anayeweza kumfanya mjane aimbe baa anaweza pia kutengeneza kikohozi. Ikarudiwa. Kikohozi kilikuwa kile kile kilichosimama mlangoni kwake. Sauti ilikuwa ya Georgette.

Mambo yakajipanga yenyewe. Siku hizi ndivyo wanavyofanya: ndugu aliye mbali asiyeweza kufika matangani hutumiwa sauti ya kilio, ili naye alie huko aliko. Faustin, binamu ambaye Jérémie alimlea, alikuwa kwenye biashara Kindu. Zamani kabla ya biashara alikuwa akipiga gitaa na Ruffin. Sauti ilitoka mkekani ikaenda kwa Faustin, na Faustin, badala ya kulia na kunyamaza, akampelekea rafiki yake Ruffin.

"Alisema ni nzuri sana," alieleza Ruffin. "Na ni nzuri, mama. Mimi mwenyewe nilitoa machozi."

"Lifute jina langu."

"Mwimbo umeshafika Kinshasa. Niukimbize na makasi?"

"Basi nipe hiyo sauti ya simu."

Ruffin akaitazama simu aliyoshika Ursule. "Hiyo ni ya vitufe, mama. Nitaitia wapi? Jumapili nitakuja mwenyewe kwa tonton yako, nitawasikilizisha wote. Neno la mwanamume."

Jumapili baada ya misa ukoo ulikusanyika uwanjani kwa Lukumani. Viti vya plastiki vilipangwa, kimoja kikaachwa wazi kwa ajili ya mgeni. Wakangoja. Ursule alitazama njia mpaka macho yakamuuma. Mwishowe mtu aliyepita na baiskeli akasema amemwona Ruffin na vijana wake asubuhi, wamepakia ngoma kwenye gari, wanakwenda kupiga muziki Bengamisa.

"Bon," alisema Lukumani. "Ursule, sema wewe."

Akasema yote, kikohozi, kunong'ona, Kindu. Hakuacha neno. Aliposema jina la Georgette, mwenyewe akafunga mikono kifuani.

"Kama niko ndani ya simu ya Ruffin," alisema, "alete simu. Iko wapi?"

"Mnaona?" akadakia mjomba mmoja. "Kwanza alisema hajui aliyetoa. Sasa anajua, na aliyetoa ni mwenye kumfungua nguo. Hii akili si ndogo!"

"Mpigieni Faustin," alisema Ursule.

Wakapiga, simu ikawekwa sauti kubwa. Faustin aliitika kwa furaha, akauliza hali ya kila mtu, akauliza hata mbwa wa tonton. Mtandao ulikuwa safi kama maji ya chupa. Lukumani akamuuliza kama alitumiwa sauti ya kilio, na nani.

"Alo? Tonton? Alo? Réseau iko mubaya huku... sisikii, tonton... alo?"

Ikakatika. Wakapiga tena, ikawa imezimwa. Lukumani akaitazama simu kwa muda, na Ursule akaona kwamba mzee alikuwa ameelewa jambo. Lakini kuelewa kwake alikutia mfukoni pamoja na simu. "Bila ushahidi," alisema, "siwezi kumvunjia heshima mtoto wa kaka yangu. Tutakutana siku nyingine."

Siku nyingine! Ursule alikwenda nyuma ya nyumba kuchukua kikapu alicholetea ndizi. Hakulia. Alikuwa ameogopa kulia mbele za watu tangu wimbo ule utoke, maana hakujua tena nani ana simu.

Hatua zikamfuata. Ilikuwa Georgette. Alitazama nyuma, akatazama pembeni, akasema kwa sauti ya chini:

"Ni mimi. Nilimutumia Faustin. Jérémie alimulea, nikataka naye alie. Sikutuma kwa dansi, Ursule. Nakuapia."

"Na mwaka mzima unanyamaza!"

"Nilipousikia mwimbo nilitapika. Nikaenda kwa tonton nimwambie. Nikamukuta ameshasema ni wewe, kwa sababu ya jina. Nikaona... nikaacha."

"Rudi uwanjani. Sema vile vile ulivyosema hapa."

"Nikisema, hawataniacha nifungue mjane tena. Dada mkubwa anayetoa nje maneno ya mkekani! Nitakuwa nani katika famille hii?"

"Na mimi ni nani?"

Georgette akasogea karibu. "Nitakutoa nguo Jumamosi hii. Nitamwambia tonton nimekusamehe, maneno yaishe. Utakwenda kwa mama yako."

"Umenisamehe?"

"Sema ndiyo, bokilo, wifi yangu. Mama anakungoja."

Ursule alisimama na kikapu mkononi. Akisema hapana, atabaki mweusi na safi, na huenda mama yake akafa akimwita. Akisema ndiyo, atavuliwa nguo kama mwizi aliyehurumiwa, na mwenye kumhurumia ni mwizi. Alimtazama Georgette akitafuta kama hapo pia pana mtego, kama kuna simu iliyofichwa inayosikiliza. Hakuona kitu. Akasema, "Jumamosi."

Basi Jumamosi Georgette alimfungua mbele ya watu, akamwogesha, akamvika kikwembe cha maua mekundu. Mikono yake ilikuwa mpole, na hilo lilimuudhi Ursule kuliko kama angembana. Halafu Georgette akasema kwa sauti, ili na waliosimama njiani wasikie: "Bokilo wangu alikosa. Mimi dada ya marehemu, nimemusamehe." Wanawake wakapiga vigelegele. Lukumani akaitika "Amina" huku akitazama ardhi. Solange alikuwepo, alikuja na sabuni ya zawadi, na ni yeye peke yake ambaye hakupiga kigelegele. Ursule aliipokea sabuni, akaigeuzageuza, akaitia kikapuni.

Kesho yake alipanda mtumbwi wa mashine kushuka Yanonge. Mama yake alikuwa hai bado, mdogo kitandani kama mtoto. Alimshika mwanawe mkono, akauliza habari za safari, kisha akasema kwamba wasafiri huipiga sauti ya Ursule kwenye vyombo vyote vinavyopita pale.

"Ni kweli uliuzisha, mwanangu?"

"Hapana, mama."

Mama yake alimtazama muda mrefu. "Sawa," alisema, akageuka upande wa ukuta kupumzika. Siku zote alizokaa huko Ursule aliipima ile "sawa", asubuhi hivi, jioni vingine, wala hakujua imebeba nini. Mama akafariki bila kulitaja tena jambo hilo. Ursule alimlilia akiwa amefunga mdomo.

Hesabu yake iko wazi. Ruffin anadaiwa ile Jumapili: kile kiti kilichobaki wazi, akikalie, aiweke simu mezani, ukoo usikie kikohozi na kunong'ona mpaka mwisho. Na jina la mjane alitoe kwenye wimbo, kwa makasi au kwa meno. Faustin anadaiwa jibu la swali ambalo alilisikia vizuri. Lukumani anadaiwa kusema alichokielewa. Lakini mwenye deni kubwa ni Georgette, na deni lake ni maneno machache tu, yale ya nyuma ya nyumba: "Ni mimi. Nilimutumia Faustin." Ayaseme uwanjani, mbele ya watu wale wale, kwa sauti ile ile aliyosemea "nimemusamehe".